Kinanda Kisicho na Nyuzi: Historia ya Ufundi wa Gambusi na Lugha ya Zaburi Zetu

Jadida ni sehemu ya Wete, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni "mpya". Huko ndiko tulikokiona kitu kilichotusukuma kuandika makala haya, nacho hakikuwa kipya hata kidogo. Katika nyumba moja tuliyokaribishwa, kwenye msumari wa ukutani, kilining'inia chombo cha mti chenye umbo la nusu ya kibuyu kirefu kilichopasuliwa. Ngozi ya uso wake ilikuwa imechanika. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vimebaki vitatu kati ya saba, na uzi haukuwapo hata mmoja. Watoto wa nyumba ile walikiita gitaa la babu. Mwenye nyumba akawasahihisha kwa upole: "Si gitaa hilo. Hicho ni kinanda."

Sisi tuliotoka bara tulitazamana. Kwetu kinanda ni kile chombo cha kukanyagwa kwa miguu na kubonyezwa kwa vidole, kinachokaa ubavuni mwa madhabahu. Mzee alipoona tumeshangaa akauliza, "Na nyinyi huko makanisani kwenu, mchungaji, kinanda mnacho?" Tukamjibu kwamba tunacho. "Kina nyuzi ngapi?" Ikatubidi kukiri kwamba hakina hata moja. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mgeni aliyekosea njia, kisha akaagiza kahawa.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tunayoyasoma katika Zaburi za Kiswahili yalikuwa kwanza majina ya vitu vilivyotoka mikononi mwa mafundi, na kwamba kadiri mafundi hao wanavyotoweka, ndivyo maneno hayo yanavyobaki matupu midomoni mwetu. Habari hii inamhusu mwalimu wa Agano la Kale kama inavyomhusu mpenzi wa muziki.

Kinanda cha watafsiri

Katika Zaburi ya 150, Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka wa 1952, inataja ala tatu za nyuzi: kinanda na kinubi katika aya ya 3, na zeze katika aya ya 4. Kwa Kiebrania mbili za kwanza ni nevel na kinnor. Ya tatu, minnim, ni neno la jumla linalomaanisha nyuzi tu. Zaburi ya 33 inakwenda mbele zaidi, kwa kuwa katika aya yake ya 2 inasema wazi kwamba kinanda hicho kina nyuzi kumi. Mtu mwenye kinanda cha kanisani akilini mwake hana njia ya kuielewa aya hiyo. Tumewahi kumsikia mwanafunzi hodari akieleza darasani kwamba nyuzi kumi ni vidole kumi vya mpigaji. Tusimcheke. Alikuwa akijaribu kuokoa maana ya andiko kwa kitu pekee alichokifahamu, na wengi wetu tumehubiri mafafanuzi dhaifu kuliko lile.

Ala za Waisraeli zenyewe hazikuwa gambusi. Wataalamu wanakubaliana kwamba kinnor ya Daudi ilikuwa na mikono miwili iliyounganishwa kwa mti wa juu, na nyuzi zikashuka kutoka hapo hadi kwenye tumbo la chombo. Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema kwamba kinnor ilikuwa na nyuzi kumi na ilipigwa kwa kitu kilichoshikwa mkononi, lakini nevel ilikuwa na sauti kumi na mbili na ilipigwa kwa vidole. Neno nevel lina maana nyingine pia katika Kiebrania: kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kuwekea divai au maji. Wako wanaodhani kwamba jina la ala lilitokana na umbo lake la kiriba, au na ngozi iliyofunika tumbo lake. Kama ni hivyo, basi kinanda cha ukutani Jadida, chenye tumbo lililofunikwa ngozi ya mbuzi, kiko karibu na Zaburi ya 33 kuliko chombo chochote tulicho nacho makanisani.

Kwa hiyo watafsiri wa kwanza hawakukosea. Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg aliyelelewa katika ucha Mungu wa Kilutheri, akatumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Edward Steere alifika Unguja mwaka wa 1864. Watu hawa walijifunza Kiswahili kwa kusikiliza wenyeji, na wenyeji walipotamka kinanda walikuwa na ala ya nyuzi machoni pao. Mashairi ya pwani yaliimbwa pamoja nayo. Baadaye, vyombo vya Wazungu vilipoanza kushushwa bandarini na kuwekwa katika shule na makanisa, neno lile lile likanyoshwa ili liwatoshe wageni hao. Ndipo likapanda bara pamoja na shule na misheni. Huko bara ala za nyuzi zilikuwapo tangu zamani, ila zilikuwa na majina yake katika lugha za wenyeji. Neno kinanda likafika kwao likiwa limevaa vazi jipya peke yake, na waumini wa Kilimanjaro, Usambara na Bukoba wakalipokea hivyo.

Neno santuri lilipatwa na jambo la ajabu zaidi. Katika Danieli sura ya 3 limo katika orodha ya ala zilizopigwa mbele ya sanamu ya dhahabu. Kiaramu chake ni psanterin, neno lililotoka katika Kiyunani, psalterion. Waajemi na Waarabu wana ala yao iitwayo santur, yenye nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti vyepesi. Lakini karne ya 20 ilipoleta mashine ya kupigia sahani za muziki, Waswahili waliipa jina hilo hilo, na sahani zenyewe zikaitwa santuri. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo anamwona Nebukadreza akifungulia sahani za muziki katika uwanda wa Dura.

Kuhusu zeze, neno ni moja na vitu ni viwili. Zeze la pwani ni kijiti kirefu chenye kibuyu kilichofungwa kwake na nyuzi chache zinazodonolewa kwa vidole, na ndugu yake yuko Madagaska kwa jina la jejy. Zeze la Wagogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose (1938–2003) alilipeleka katika majukwaa ya dunia, hupigwa kwa upinde unaosuguliwa juu ya nyuzi. Mchungaji wa Dodoma na mwinjilisti wa pwani wakisoma aya ya 4 ya Zaburi ya 150 husikia sauti mbili tofauti. Kwa kuwa Kiebrania chenyewe hakitaji ila nyuzi, wote wawili wana haki. Asiye na haki ni yule asiyesikia sauti yoyote. Kinubi nacho, wako wanaolihusisha jina lake na Nubi, nchi iliyo kati ya Misri na Sudani, ambako ala yenye mikono miwili, iliyo jamaa ya kinnor ya Daudi, hupigwa hadi leo.

Safari ya gambusi

Kinanda cha Jadida kina jina lake maalumu. Pwani yetu hukiita gambusi, na pengine kibangala. Asili yake ni Yemen, ambako huitwa qanbus, na wako wataalamu wanaolihusisha jina hilo na kopuz ya Waturuki. Mabaharia, wafanyabiashara na walimu wa dini kutoka Yemen na Hadhramauti walikibeba katika majahazi yao kuelekea pande zote ambako pepo za msimu ziliwapeleka. Upepo wa kaskazi uliwaleta Afrika ya Mashariki. Pepo nyingine ziliwafikisha Malaya na visiwa vya Indonesia, ambako jina gambus lipo hadi leo. Huko Komoro ni gabusi. Huko Madagaska ni kabosy, nayo imebadilika umbo kabisa ikawa na sanduku la mbao. Mtu akichora ramani ya chombo hiki atakuwa amechora ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi.

Visiwa vya Unguja na Pemba vilikuwa katikati ya njia hiyo. Karafuu za Pemba zilivuta vyombo vingi, na Wete ni mojawapo ya bandari zake. Tuongeze jambo dogo, ingawa liko pembeni. Marafiki, yaani Quakers, walianzisha misheni yao Pemba mwaka wa 1897, mwaka ule ule ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika dola ya Zanzibar. Nao ni watu ambao ibada yao ya asili ni ya ukimya. Ni vigumu kufikiria ujirani wa ajabu kuliko huo, wa mtu anayemngoja Mungu bila sauti na mtu anayekaza nyuzi saba.

Kazi ya fundi

Tukitaka kujua kilichomo katika neno kinanda, yatupasa kumfuata fundi tangu mtini.

Gambusi huchongwa katika kipande kimoja cha mti. Tumbo na shingo havikuunganishwa kwa gundi wala misumari. Ni mwili mmoja. Kwa sababu hiyo uteuzi wa mti ni nusu ya kazi. Fundi hutafuta mti usio na fundo mahali shingo itakapopita, usio mzito mno, na usiopenda kupasuka. Gogo hupasuliwa kwa urefu, na kila nusu yaweza kuwa chombo. Kisha huwekwa kivulini likauke taratibu. Likianikwa juani, nje hukauka kabla ya ndani, na nyufa zikitokea kazi yote imepotea. Ni kazi ya kungoja. Kijana asiye na subira hushindwa hapa, kabla hajashika chombo chochote cha kuchongea.

Vifaa vyake ni vile vile vya waunda majahazi na maseremala wa milango: shoka, tezo, patasi, nyundo, na keekee ya kutobolea. Kwanza fundi huchonga mgongo, yaani upande wa nje, hadi apate lile umbo la kibuyu. Ndipo hugeuza na kuanza kukomba ndani. Hapa ndipo penye hatari. Kuta za tumbo zikibaki nene, chombo huwa kizito na sauti yake hufa ndani ya mti. Zikiwa nyembamba kupita kiasi, mvuto wa nyuzi utazipinda au kuzipasua. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Fundi hugonga kwa kidole, husikiliza, hukomba kidogo, hugonga tena. Mtu aliyejifunza kwa kutazama tu hawezi kupata jambo hili. Sharti asikie mlio pamoja na mwalimu wake, siku ile ile, juu ya mti ule ule, ndipo atajua mwalimu alikuwa na maana gani aliposema "bado" au "basi".

Baada ya kukomba huja kulainisha. Zamani kazi hii ilifanywa kwa majani makwaru ya mti uitwao msasa, na ndiyo maana karatasi ya kulainishia mbao inayouzwa madukani siku hizi inaitwa msasa. Hilo ni neno jingine lililosalia huku kitu chake kikisahauliwa.

Kichwa cha gambusi kimepinda kurudi nyuma kama mundu. Humo hutobolewa matundu ya vigingi. Tundu likiwa pana kigingi huteleza, na nyuzi hulegea katikati ya wimbo. Likiwa finyu, kichwa hupasuka. Kisha huja ngozi. Ngozi ya mbuzi hunyolewa na kulowekwa, huvutwa ikiwa mbichi juu ya tumbo, hukazwa pembeni, na kuachwa ikauke. Inapokauka hujikaza yenyewe. Mkazo huo wa mwisho fundi hawezi kuushika kwa mkono, bali anaweza kuukisia tu alipokuwa akivuta. Akivuta kwa nguvu mno, ngozi itapasuka ikikauka. Akiwa na huruma, itabaki tepetepe na chombo hakitalia. Mzee wa Jadida alipotuambia kwamba anajua kukishika kinanda lakini hajui kukivika ngozi, alikuwa akitaja hatua hii.

Mwisho huwekwa kijiti chembamba juu ya ngozi cha kubeba nyuzi, na nyuzi zenyewe. Hapo kale zilikuwa za utumbo wa mnyama. Baadaye mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ukachukua nafasi yake. Katika utaratibu wa Yemen nyuzi ni saba: jozi tatu, na mmoja mnene peke yake. Hupigwa kwa unyoya wa ndege mkubwa, na kwa sababu hiyo kipigio huitwa risha, yaani unyoya kwa Kiarabu.

Ngozi ina tabia yake. Wakati wa masika, hewa ya Pemba inapojaa maji, hulegea, na mpigaji hana budi kuipasha joto kama wapiga ngoma wanavyofanya. Chombo hiki kiliishi pamoja na majira ya mwaka. Kilikuwa na siku zake njema na siku zake mbaya.

Wanafunzi wa theolojia hufundishwa habari za Bezaleli katika Kutoka 31, mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi za mikono, uchongaji wa miti ukiwa mojawapo. Mara nyingi tunaipita sura hiyo haraka tukielekea ndama wa dhahabu. Vilevile 1 Wafalme 10 inaeleza kwamba sehemu ya mbao zilizoletwa kwa merikebu kutoka Ofiri ilitumiwa na Sulemani kuwatengenezea waimbaji vinanda na vinubi. Mwandishi wa kitabu kile aliona kwamba aina ya mti inastahili kutajwa katika historia ya wokovu. Sisi tunaohubiri juu ya Zaburi hatujui hata mti gani unaolia.

Udi na mji

Sababu za kupungua kwa gambusi ni nyingi, na si zote za kuhuzunisha. Kwa mapokeo ya Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kanuni. Mwaka wa 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, kikafuata mtindo huo wa Misri. Pamoja na taarabu ya namna hii ukastawi udi. Udi ni jamaa ya gambusi, lakini umeundwa kwa njia nyingine: mgongo wake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa joto na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, na uso wake ni wa mbao. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni "mti", na wengi hueleza kwamba jina hilo liliitofautisha ala yenye uso wa mbao na zile zenye uso wa ngozi.

Uso wa mbao haulegei kama ngozi kila mvua inaponyesha. Tumbo kubwa la udi lina sauti nzito inayofaa kukaa pamoja na fidla na kanuni. Tena udi uliweza kuagizwa ukiwa tayari kutoka ng'ambo. Kwa maoni yetu sababu hii ya mwisho ndiyo iliyomwumiza fundi wa visiwani kuliko zote. Muziki haukufa; ulisitawi mno. Siti binti Saad wa Fumba, aliyefariki mwaka wa 1950, alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kuimba katika sahani kwa Kiswahili, akajulikana pwani nzima, hata Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini muziki waweza kusitawi huku karakana ikifungwa. Mpigaji anayeweza kununua hahitaji kumjua mchongaji, na mchongaji asiye na mnunuzi hapati kijana wa kumrithi.

Iko pia sababu ya dini, nayo tuiseme kwa heshima. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu wapo wanaokataza ala za nyuzi na wapo wanaoziruhusu kwa masharti, na mjadala huo ni wa karne nyingi. Huko Yemen, chini ya utawala wa Imamu Yahya uliokoma mwaka wa 1948, wapigaji wengi waliona afadhali kuhamia Aden. Hata hivyo mwaka wa 2003 UNESCO iliutangaza wimbo wa Sanaa, unaoambatana kwa desturi na qanbus, kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka wa 2022 ufundi wa kutengeneza udi wa Irani na Siria uliandikwa katika orodha ya namna hiyo. Unguja nako, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, chuo cha muziki cha nchi za jahazi kimewafundisha vijana udi na kanuni.

Luther na ndugu wa gambusi

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza: yote haya yanawahusu nini Walutheri?

Martin Luther alikuwa mpigaji wa ala ya nyuzi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi wa Erfurt alijijeruhi mguu kwa upanga wake mwenyewe, akalazimika kulala siku nyingi, na katika siku hizo akajifunza kupiga Laute. Baadaye, nyumbani kwake Wittenberg, aliipiga mezani pamoja na familia na wageni. Jina Laute limetokana na al-ud. Ala hiyo iliingia Ulaya kupitia Waarabu, hasa njia ya Hispania, nayo ina mgongo ule ule wa mbavu za mbao zilizokunjwa. Basi chombo alichokishika baba wa Matengenezo na chombo kinachopigwa katika taarabu ya Unguja ni wa ukoo mmoja, na gambusi ya Jadida ni binamu yao. Wamisionari wetu wa Kijerumani wangeweza kushuka pwani na kuwakuta jamaa wa chombo cha Luther wakipigwa na Waislamu barazani. Hatujui kama yupo aliyetambua hivyo.

Walichokileta wao kilikuwa kitu kingine: kinanda cha kukanyaga, na vikundi vya tarumbeta kwa desturi ya Bethel. Hatusemi walikosea. Tarumbeta za Kilutheri zimeufariji umati wa watu makaburini na kuuamsha alfajiri ya Pasaka, na leo ni zetu kabisa. Lakini ala za nyuzi za wenyeji, zilizoandamana na pombe, matambiko au sifa za watawala, zilibaki nje ya mlango. Mfano wa Bukoba unajulikana zaidi. Wahaya wana enanga, ubao uliochimbwa kama mwanamtumbwi, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu yake mpaka uwe mistari kadhaa. Manju waliimba nayo tendi ndefu za mashujaa. Profesa M. M. Mulokozi ameandika kwa kirefu juu ya Habibu Selemani, manju mkubwa wa enanga aliyefariki mwaka wa 1993.

Katika miaka ya 1960 Bernard Kyamanywa, mwana wa Uhaya, aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", nao ukaenea katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi ya dunia. Mmisionari Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo nyingi za namna hiyo zenye sauti za kwetu. Ilikuwa kazi njema, na kizazi chetu kimekula matunda yake. Hata hivyo kilichoingia kanisani ni sauti iliyoandikwa kwa noti. Mti wenyewe ulibaki kwa manju, na manju walipofariki, mara nyingi hawakuwa na aliyeketi karibu nao alipokuwa hai. Wimbo waweza kuandikwa katika karatasi ukangoja miaka mia. Mlio wa ukuta wa tumbo la gambusi unaogongwa kwa kidole hauandikiki.

Ndiyo maana tungependa kuwaomba walimu wa Agano la Kale katika vyuo vyetu jambo dogo. Mwanafunzi anapopewa kazi ya kuandika juu ya Zaburi ya 33, ya 137 au ya 150, asiishie kwenye kamusi. Likizo inapofika aende kwa wazee wa kwao, awe Mhaya, Mgogo, Mzaramo au Mpemba, wawe Wakristo au la, aulize ala ya nyuzi ya mahali pale huitwaje, huchongwa kwa mti gani, huvikwa ngozi ya mnyama gani, nani aliitengeneza mara ya mwisho, na kama mtu huyo angali hai. Karatasi za namna hiyo zikikusanywa kwa miaka michache zitakuwa msaada mkubwa kwa wale watakaoitafsiri upya Biblia ya Kiswahili. Itawabidi waamue kama neno kinanda bado linafaa katika Zaburi, au kama limekwisha kuwa mali ya chombo kingine.

Zaburi ya 137 inawataja watu waliotundika vinubi vyao kwenye miti ya Babeli kwa sababu moyo wa kuimba uliwatoka. Mzee wa Jadida moyo wa kuimba anao. Alituimbia beti mbili tatu akipiga vidole juu ya goti lake mahali nyuzi zingekuwapo. Ngozi ya mbuzi inapatikana Wete siku yoyote, na mshipi unauzwa dukani. Alituambia kwamba amewahi kufikiri kujaribu mwenyewe, ila anaogopa kuupasua mti, kwa kuwa ukipasuka hamjui wa kumchongea mwingine. Tulipoaga alikirudisha kwenye msumari wake, uso umeelekea ukutani, ili watoto wasizidi kuuchana.